Kwa nini ndege yetu ilirudishwa kumwagiwa dawa mara ya pili kabla ya kuruka?

Mkulima wa Isyonje

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo hapa Isyonje, pale barabara ya Kitulo inapoachana na ile ya Tukuyu, na naomba mnisaidie jambo ambalo limenikaa kichwani tangu mwezi wa Januari, niliporudi kutoka Toronto kumwona binti yangu anayesoma huko.

Siku ya kurudi theluji ilikuwa ikidondoka, si ya kutisha, nyepesi tu kama majivu ya nyasi zilizochomwa. Nilikaa kiti cha dirishani, nyuma kidogo ya bawa. Tulipokwisha kufunga mikanda, ndege haikwenda moja kwa moja kwenye njia ya kurukia, bali ilipelekwa kwenye uwanja mpana wa kando, yakaja magari yenye mikono mirefu mfano wa yale yanayotumika kutengeneza taa za barabarani, kila mkono ukiwa na kibanda cha kioo na mtu ndani yake. Walianza kwa kumwaga maji ya rangi ya chungwa, yakifuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa sasa hivi, kisha wakapaka kitu cha kijani, kizito, kilichobaki juu ya bawa kama mlenda uliopoa. Tukaondoka, tukajipanga nyuma ya ndege nyingine kwa muda mrefu, halafu rubani akatangaza kwamba muda wa dawa umekwisha na kwamba tunarudi kuanza upya. Abiria walinuna, na jirani yangu alisema waziwazi kuwa huo ni uoga wa rubani.

Ninachotaka kujua ni hiki. Theluji kidogo namna ile ina uzito gani kwa ndege kubwa kiasi kile? Kwa nini dawa ziwe mbili? Na ikiwa ile ya kijani nilikuwa bado naiona kwa macho yangu juu ya bawa, tulirudi kwa sababu gani? Tena, huku kwetu mwezi wa sita na wa saba sakitu huunguza viazi na asubuhi nyasi huwa nyeupe. Je, ndege zinazolala Songwe hazihitaji huduma kama hiyo?

Fundi Mstaafu wa Forest Mpya

Mkulima mwenzangu, maana na mimi siku hizi nalima, nilifanya ufundi wa ndege miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Mbeya. Niseme mapema kwamba swali lako la kwanza lina kosa ambalo hata watu waliosoma sana hulifanya: shida ya theluji juu ya bawa si uzito wake.

Bawa huibeba ndege kwa sababu ya umbo lake, na kwa sababu hewa hupita juu ya mgongo wake ikiufuata vizuri bila kuachana nao. Sasa chukua msasa wa seremala, ule wa kawaida, uupapase kwa kidole. Barafu yenye unene na ukwaruzo wa kiasi hicho tu, ikitanda kwenye ukingo wa mbele na mgongo wa bawa, inaweza kupunguza nguvu ya kunyanyua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Hewa huachana na bawa mapema, wakati pua ya ndege bado haijainuliwa sana, na lile onyo linalomtahadharisha rubani linaweza kuchelewa, kwa sababu lilipimwa kwa bawa safi. Ndiyo maana kanuni haiulizi kama theluji ni nyingi au ni kidogo. Mabawa, mkia na sehemu za kuongozea ndege ziwe safi, basi. Tarehe 4 Januari 2002, huko Birmingham nchini Uingereza, ndege ndogo ya kibiashara aina ya Challenger 604 ilibiringika na kuanguka mara tu ilipoacha ardhi, na watu wote 5 waliokuwamo wakafa. Haikuwa imebeba rundo la theluji. Ilikuwa na sakitu ya usiku mmoja juu ya mabawa, sakitu kama hiyo unayoikuta kwenye viazi vyako.

Kuhusu dawa mbili, kila moja ina kazi yake. Ile ya chungwa huitwa aina ya kwanza, nayo ni glaikoli iliyochanganywa na maji na kupashwa moto ili itoke bombani ikiwa na nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi. Hii ni ya kuondoa: joto na msukumo wake ndivyo vinavyong'oa barafu, na glaikoli huzuia majimaji yanayobaki yasigande tena papo hapo. Lakini ni nyepesi, huchuruzika, na theluji ya wastani ikiendelea kudondoka, kinga yake haifiki hata robo saa. Ile ya kijani ni aina ya nne, nayo ni ya kulinda. Imetiwa kitu cha kuifanya nzito, hupakwa juu ya bawa lililokwisha kusafishwa, na inatakiwa ifike kabla ile ya kwanza haijaanza kuganda, kwa kawaida ndani ya dakika 3. Wewe umeifananisha na mlenda. Mimi ningeifananisha na mtindi wa kibuyuni, ambao ukitulia hushikamana na ukitikiswa hulegea. Ndege inapokata mbio kwenye njia ya kurukia, upepo huilegeza ile dawa na kuisukuma nyuma, ikadondoka, na bawa likapaa likiwa tupu.

Sasa tuje kwenye kurudishwa kwenu, ambako ndiko penye uzito wa jambo lenyewe. Dawa ya kijani haiizuii theluji kudondoka juu yake. Huipokea na kuiyeyusha. Kila chembe inayoyeyuka humo inaongeza maji na kupunguza nguvu ya dawa, hadi inafika mahali haiwezi tena kuyeyusha kitu, na theluji inaanza kukaa. Ukiwa kwenye kiti chako utaendelea kuona rangi ya kijani hata baada ya dawa kuchoka. Kwa sababu hiyo mamlaka za anga za Marekani na Kanada hutoa kila msimu wa baridi majedwali ya muda wa kinga, na rubani husoma humo kwa kufuata mambo matatu: aina ya dawa na kiwango cha mchanganyiko wake, joto la nje, na aina na wingi wa kinachodondoka. Theluji nyepesi sana inaweza kukupa zaidi ya saa nzima kwa dawa ya aina ya nne. Theluji ikikaza, muda hupungua mno. Na mvua ile inayoganda palepale inapogusa kitu, ikiwa kubwa, haina muda wowote jedwalini, yaani huruki. Tena saa haianzi kuhesabiwa dawa inapomalizwa kupakwa, bali tangu tone la kwanza la upakaji wa mwisho. Mliposimama kwenye foleni, rubani wenu alikuwa akiiangalia saa hiyo. Jirani yako ameita uoga, mimi naita kazi.

Kijana wa Mlandege

Kamwene nyote. Nina mambo mawili, na naomba mzee asinielewe vibaya, maana nauliza ili nijifunze. La kwanza, sisi wapenzi wa Manchester United tumekua tukisimuliwa kwamba ajali ya Munich ya tarehe 6 Februari 1958, iliyoua watu 23 wakiwamo wachezaji 8, ilisababishwa na barafu juu ya mabawa, lakini naona mzee hakuitaja. La pili, nimesoma kwamba ndege za kisasa zina mfumo wake wa kupasha mabawa joto. Kama ni hivyo, magari na dawa ni vya nini? Rubani si awashe tu mfumo huo akiwa kwenye foleni?

Fundi Mstaafu wa Forest Mpya

Mwanangu, la Munich sikulitaja kwa makusudi. Ni kweli kwamba uchunguzi wa Ujerumani ulimtwika lawama kapteni James Thain kwa kutosafisha mabawa, lakini yeye alipambana miaka mingi, na mwaka 1969 Uingereza ikamwondolea lawama. Kilichoizuia ndege kupata kasi ni rojo la theluji iliyoyeyuka nusu, lililokuwa sehemu ya mwisho ya njia ya kurukia. Magurudumu yalipoingia humo, kasi ikashuka badala ya kupanda. Kwa hiyo usiitumie kama mfano wa mabawa, itumie kama mfano wa kwa nini viwanja vya huko hukwangua njia zao usiku kucha.

La pili ni zuri zaidi. Mfumo huo upo, lakini katika ndege nyingi za jeti huchota hewa ya moto kutoka kwenye injini na kuipeleka kwenye ukingo wa mbele tu, wala si mgongo mzima wa bawa. Umetengenezwa kwa ajili ya angani, ambako upepo mkali huupoza. Ardhini unaweza kuunguza bawa lenyewe. Na hata ungeruhusiwa, theluji iliyoyeyuka mbele ingechuruzika nyuma kusiko na joto na kuganda upya, mahali ambapo huwezi kuiondoa.

Joto la kubahatisha limekwisha kuleta maafa. Tarehe 13 Januari 1982, mjini Washington, ndege ya Boeing 737 ya Air Florida ilimwagiwa dawa, kisha ikakaa dakika 49 theluji ikiendelea kudondoka. Marubani waliisogeza karibu na moshi wa injini za ndege iliyokuwa mbele yao wakitumaini kwamba ungeyeyusha theluji, na wachunguzi waliona kwamba huenda jambo hilo liliyeyusha theluji ikaja kugandia kwenye ukingo wa mbele wa mabawa. Kibaya zaidi, hawakuwasha mfumo wa kuzuia barafu kwenye injini, vipimo vikadanganya na kuonyesha nguvu kubwa kuliko iliyokuwapo. Ndege ilipaa kwa shida, ikagonga daraja na kuzama katika mto Potomac. Walikufa watu 78, wakiwamo 4 waliokuwa wakipita darajani na magari yao.

Mwalimu wa Jiografia, Njombe

Naona swali la Songwe limeachwa, nami nitalijibu kwa kifupi. Uwanja wa Songwe uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,340, wakati uwanda wa Kitulo umepita mita 2,600. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo tofauti ya Songwe na Kitulo inakaribia nyuzi 8, na hiyo inatosha kuifanya asubuhi ya Julai iwe ya sakitu kule juu na ya koti tu kule chini. Kinachosumbua safari za Songwe ni ukungu, nao unamnyima rubani kuona, wala si kugandisha bawa.

Lakini mzee wa Isyonje ameweka kidole mahali penyewe bila kujua. Sakitu yetu huja usiku usio na mawingu wala upepo, jani linapotoa joto lake kuelekea angani hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mtu anaweza kutundika kipimajoto barazani kikasoma nyuzi 1 au 2 juu ya sifuri, huku bati la nyumba yake likiwa jeupe. Bawa la ndege iliyolala nje ni bati pana lililotazama angani, kwa hiyo fundi wa ulaya anayeamini kipimajoto pekee bila kwenda kulishika bawa anajidanganya.

Niongeze kwamba hata ndege zetu hukutana na barafu, ila hukutana nayo juu. Katika ukanda wetu hewa hufika sifuri kwenye kimo cha kama mita 5,000, na ndege za pangaboi, ATR na Bombardier Q400, hupita katika mawingu ya kimo hicho zikipanda na kushuka. Kwenye ukingo wa mbele wa mabawa yake utaona utepe mweusi wa mpira. Huo hutiwa hewa ukavimba na kunywea ili uvunje barafu inayoshika.

Dada wa Makambako

Shikamooni wazee wangu. Nilipokuwa masomoni Uswidi nilifanya kazi ya vibarua misimu miwili ya baridi ndani ya hicho kibanda cha kioo alichokiona mzee, kwa hiyo niseme kidogo yanayotokea upande wa pili wa dirisha lake.

Kabla ya kufungua bomba tunawasiliana na rubani kwa redio na kusubiri athibitishe kwamba ndege imewekwa tayari, pamoja na kuzima mfumo wa hewa ya ndani, la sivyo mvuke wa glaikoli utaingia kwa abiria na watu wataanza kukohoa. Bawa husafishwa kuanzia ncha kuja kwenye kiwiliwili, na kuanzia ukingo wa mbele kwenda nyuma. Ukipaka bawa moja unapaka na la pili vilevile, hata kama la pili linaonekana safi. Huelekezi bomba kwenye injini, kwenye madirisha, wala kwenye vile vijibomba na vitundu vidogo vinavyompimia rubani kasi na kimo, kwa sababu kuviziba ni kumpofusha. Tukimaliza tunamsomea rubani aina ya dawa, mchanganyiko wake, saa ya kuanza upakaji wa mwisho, na kwamba ukaguzi umefanyika. Bila maneno hayo haondoki.

Jambo lililonishangaza mwanzoni ni kuvua glovu. Usiku wa nyuzi 5 chini ya sifuri, msimamizi wangu alinipandisha ngazi hadi mahali bawa linapoungana na kiwiliwili, akaniambia nivue na kupapasa kwa kiganja kitupu. Bawa lilikuwa linang'aa kama limetoka kuoshwa, nami nikasema limelowa tu. Nilipoligusa, kiganja kiliteleza: ilikuwa barafu angavu, ngumu kama kioo. Ndege iliyoruka saa kadhaa juu sana hutua na mafuta yaliyopoa mno ndani ya mabawa, na mafuta hayo hugandisha mvua au unyevu unaogusa ngozi ya bawa, wakati mwingine hata hewa ikiwa juu ya sifuri.

Wenyeji wa kule hawaisahau tarehe 27 Desemba 1991. Ndege ya MD-81 iliyokuwa imelala Arlanda, uwanja wa Stockholm, ilimwagiwa dawa asubuhi, lakini barafu angavu ikabaki juu ya mabawa bila kuonekana. Ndege ya aina hiyo ina injini mkiani, nyuma ya mabawa. Ilipopaa mabawa yakajipinda kidogo kama kawaida, barafu ikabanduka na kumezwa na injini zote mbili, zikazimika. Rubani aliishusha shambani Gottröra, ikavunjika vipande vitatu, na watu wote 129 wakapona. Upande wa chini wa bawa, kwenye matangi, sakitu nyembamba hadi milimita 3 huweza kuruhusiwa mtengenezaji akikubali. Kwa juu, kwa kawaida hakuna ruhusa ya namna hiyo.

Mkulima wa Isyonje

Ndaga fijo, ndugu zangu. Mwalimu, bati langu ni shahidi wako, na kumbe yule rubani nilimnunia bure. Nina swali moja la mwisho kwa dada yetu: abiria akiona kitu juu ya bawa, aseme, au atachekwa?

Dada wa Makambako

Mzee wangu, aseme, na amwambie mhudumu kabla ndege haijaanza kukata mbio. Rubani akiwa kwenye kiti chake, katika ndege nyingi, hawezi kuliona bawa lote kama wewe uliyekaa nyuma yake. Tarehe 10 Machi 1989, huko Dryden nchini Kanada, ndege ya Fokker F28 iliruka ikiwa na theluji juu ya mabawa, ikaangukia msituni, wakafa watu 24 kati ya 69. Haikumwagiwa dawa kwa sababu mtambo wake wa kuwashia injini ulikuwa mbovu na uwanja ule haukuwa na kifaa cha kuiwasha kutoka nje, kwa hiyo injini moja iliachwa ikinguruma, na taratibu za shirika hazikuruhusu kumwaga dawa injini zikizunguka. Theluji ile ilionekana kutoka ndani. Miongoni mwa abiria walikuwamo hata marubani waliokuwa likizoni, lakini habari haikufika mbele; kila mmoja alidhani wenye kazi yao wanajua. Tume iliyoongozwa na Jaji Virgil Moshansky ililichimba sana jambo hilo, na leo sheria ya Kanada inamlazimu mhudumu anayeona barafu bawani kumwarifu rubani mkuu mara moja.

Mkulima wa Isyonje

Nimekusikia, mwanangu. Binti anakuja likizo mwezi wa Desemba, na jana jioni nilimpigia simu nikamsimulia habari ya Dryden. Akaniuliza kama sasa nataka awafundishe marubani kazi yao. Nikamwambia hapana, achukue tu kiti cha dirishani nyuma ya bawa, na asilale mpaka ndege ipae.